Kesi ya pili ya ulevi barabarani Mwanza: ukiri, upatane na Jamhuri, au ukane?

Dereva aliyekwisha kutiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa, akikamatwa tena Usagara, Igoma au Buzuruga, ana njia tatu za halali mbele ya hakimu. Anaweza kukiri siku ya kusomewa shtaka. Anaweza kupatana na upande wa mashtaka, yaani Jamhuri, kwa maandishi. Au akane, ushahidi usikilizwe mpaka hukumu. Vijiweni ushauri ni mmoja tu: "Kubali yaishe, lipa faini, rudi kazini." Kwa kosa la kwanza ushauri huo mara nyingi hauleti madhara makubwa. Kwa kosa la pili ndio unaowatoa watu barabarani kabisa, maana kumbukumbu ya kwanza inabadilisha hesabu ya hakimu. Faini iliyotarajiwa inaweza kugeuka kifungo, na hata ikibaki faini, leseni inaweza kufutwa. Watu huogopa gereza la Butimba kwanza, lakini kwa anayekula kwa usukani, miaka kadhaa bila leseni inauma kuliko miezi michache ya gereza.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, soma karatasi mbili: kumbukumbu ya kesi ya kwanza na matokeo ya kipimo. Hizo ndizo zinazoamua ni njia ipi ina faida.

## Je, hiyo ni mara ya pili kweli?

Kukamatwa mara mbili si kutiwa hatiani mara mbili. Dereva aliyewahi kulala kituoni akaachiwa asubuhi hana kumbukumbu ya hatia. Aliyeandikiwa faini ya barabarani kwa mwendo kasi hana kumbukumbu ya ulevi. Ambaye kesi yake iliondolewa na Jamhuri kabla ya hukumu naye hana, ingawa aelewe kwamba shtaka lililoondolewa kabla ya utetezi linaweza kufunguliwa upya.

Kuna kundi moja linalojisahau sana: wale ambao kesi ya kwanza iliisha kwa kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa jingine ndani ya muda fulani usiozidi miezi 12. Huyo alitoka mahakamani akicheka, hakulipa hata shilingi. Akikamatwa tena kabla muda haujaisha, lile kosa la zamani linaamka, na anaweza kuadhibiwa kwa yote mawili. Itafute tarehe ya amri ile, uhesabu miezi kwa kalenda. Usitegemee kukumbuka.

Kumbukumbu ya zamani haitakiwi kutajwa wakati kesi inasikilizwa. Nafasi yake ni baada ya kutiwa hatiani, pale hakimu anapomuuliza mwendesha mashtaka kama ana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Hapo Jamhuri inapaswa kuleta uthibitisho, kwa kawaida nakala iliyothibitishwa ya hukumu ile, pamoja na kitu kinachoonyesha kwamba aliyetajwa mle ndiye huyu aliyesimama kizimbani. Majina yanayofanana ni mengi ukanda huu. Mwendesha mashtaka akisema tu "tunazo taarifa kwamba ni mzoefu", hiyo haitoshi. Lakini mshtakiwa akijibu mwenyewe "ni kweli, nilifungwa mwaka juzi", amemaliza kazi ya kuthibitisha. Kudanganya mahakama ni kosa jingine, na hatushauri hilo. Kinachoruhusiwa ni kuacha mwenye jukumu la kuthibitisha athibitishe.

## Shtaka gani limeandikwa?

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, ina makosa mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kuendesha ukiwa chini ya ulevi kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Hili linathibitishwa kwa dalili: harufu, macho, kuyumba, maneno yaliyovurugika, na hasa jinsi gari lilivyokuwa likienda. La pili ni kuwa na kilevi mwilini kuzidi kiwango, yaani miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu. Hilo linathibitishwa kwa namba. Kwa dereva wa gari la biashara au la abiria kiwango ni sifuri, na konda akishika usukani "kusogeza gari kidogo tu" stendi, sifuri hiyo inamhusu.

Tofauti hii si ya vitabuni. Kauli "nilikunywa, lakini gari nililimudu vizuri" ni utetezi kwa kosa la kwanza. Kwa kosa la pili ni kukiri.

Hesabu ya namba nayo ijulikane. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Kwa mwanaume wa kilo 70, chupa moja hupandisha damu kwa kama miligramu 40 katika kila mililita 100. Kwa mwanamke wa uzito huo huo hupanda zaidi. Mwili huondoa kama 15 kwa saa. Kahawa, supu ya sato na maji baridi haviongezi kasi hiyo. Aliyekunywa chupa nne, tukihesabu kwamba saa 6 usiku ana 160, saa 12 asubuhi bado ana kama 70. Mwenye gari lake binafsi yuko chini ya mstari, kwa shida. Dereva wa daladala anayeanza mzunguko wa Buhongwa alfajiri hiyo hajafika sifuri, na hatafika mpaka karibu saa 5 asubuhi. Kesi nyingi za madereva wa abiria zinatokana na pombe ya jana usiku, na wenyewe huapa kwamba siku hiyo hawakuonja kitu. Gongo haina lebo, kwa hiyo hesabu hii haiifai kabisa.

Angalia pia kizio kwenye matokeo ya mashine ya kupulizia. Miligramu 80 za damu ni sawa na takriban 0.35 hadi 0.38 ya miligramu kwa lita moja ya pumzi, kutegemea kigezo cha kubadilishia. Mashine nyingine huonyesha pumzi, nyingine huonyesha damu kwa gramu katika mililita 100. "0.40" kwa kizio cha pumzi ni mtu aliyezidi kidogo. "0.40" kwa kizio cha damu ni mtu anayekaribia kufa kwa pombe, hawezi kuwa amesimama anabishana na trafiki. Namba isiyo na kizio ihojiwe. Ihojiwe pia ikiwa mtu alipimwa papo hapo baada ya kunywa, kucheua au kutapika, kwa sababu alkoholi iliyobaki mdomoni hudanganya mashine. Tahadhari ya kawaida ya upimaji ni kusubiri dakika 15.

## Njia tatu kwa pamoja

| | Kukiri | Kupatana | Kukana |
|---|---|---|---|
| Muda | Yaweza kuisha asubuhi moja | Wiki hadi miezi | Miezi, kwa kuahirishwa mara kwa mara |
| Ushahidi unahojiwa? | Hapana | Hapana, ila ndio mtaji wa mazungumzo | Ndiyo, wote |
| Faida kuu | Kupunguziwa adhabu kwa kukiri mapema | Shtaka au idadi ya makosa hupungua | Uwezekano wa kuachiwa huru |
| Rufaa | Finyu | Finyu zaidi | Pana: hatia na adhabu |
| Inafaa | Kipimo kiko wazi, kosa moja, kumbukumbu ya zamani haina nguvu | Makosa mengi kwenye hati moja ya mashtaka | Kipimo kina kasoro au hakipo |

### Kukiri

Mlolongo ni huu. Shtaka linasomwa, mshtakiwa anajibu, jibu lake linaandikwa kwa maneno yake kadiri inavyowezekana. Kisha mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa: saa, barabara, namba ya gari, kipimo. Mshtakiwa anaulizwa kama maelezo hayo ni kweli. Akikubali, anatiwa hatiani. Ndipo zinakuja kumbukumbu za nyuma, kisha maombi ya kupunguziwa adhabu, kisha adhabu yenyewe.

Watu hukwama pale kwenye maelezo ya kosa. Amesema "ni kweli" kwa shtaka la ulevi akidhani amemaliza, halafu maelezo yanasomwa kwamba aligonga kingo, akakataa kusimama, akamtukana askari. Anaitikia yote kwa kuchoka. Kila sentensi aliyoitikia inapandisha adhabu. Sikiliza hadi mwisho, na kipande kisicho kweli ukitaje pale pale. Ikiwa kinagusa kiini cha kosa, hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana na kesi isikilizwe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha kutoelewa kilichosomwa kimebaki na nguvu ndogo sana.

Aliyekiri hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe, ila ukubwa au uhalali wa adhabu. Mahakama Kuu ilishaainisha mwaka 1983 milango michache inayobaki wazi: jibu lake lilikuwa na utata au halikukamilika, alikiri kwa kukosea au kutoelewa, hati haikuonyesha kosa lolote, au maelezo aliyoyakubali hayawezi kisheria kuleta hatia. Nje ya hapo, "nilishauriwa nikiri" haimpeleki mtu popote.

Faida yake ni kweli ipo. Mahakama kwa desturi humpunguzia aliyekiri mapema, mara nyingi hadi theluthi ya adhabu. Ila theluthi hiyo inakatwa kwenye adhabu ya mtu wa mara ya pili. Anayekumbuka faini ya kwanza asiitumie kama kipimo.

### Kupatana

Mapatano ya kukiri yaliingia kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kwa marekebisho ya mwaka 2019. Mazungumzo ni kati ya mshtakiwa, vizuri akiwa na wakili, na wakili wa serikali wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Trafiki aliyekukamata hana mamlaka ya kupatana, wala karani wa mahakama. Hakimu hashiriki mazungumzo. Anapokea makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa, anamhoji mshtakiwa kama ameingia kwa hiari na anajua haki anazoziacha, na anaweza kuyakataa.

Njia hii inalipa pale hati ina makosa matatu au manne: ulevi, uendeshaji wa hatari, kutokuwa na bima, leseni iliyokwisha muda. Kwa hati ya namna hiyo mambo mawili ni ya kuomba: makosa mengine yaondolewe, na adhabu za yanayobaki ziende pamoja zisifuatane. Kama kosa ni moja na kipimo ni 170, wakili wa serikali hana sababu ya kukupa kitu, na utakuwa umeongeza wiki tu.

Jambo moja lisipitwe: makubaliano yataje leseni. Mtu anasaini akifikiria kifungo tu, halafu amri ya kumzuia kuendesha inatoka juu yake. Kuvunja mapatano baadaye ni kugumu. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba yalipatikana bila hiari au kwa udanganyifu.

### Kukana

Kukana si kusema askari ni mwongo. Ni kuitaka Jamhuri ithibitishe pasipo kuacha shaka. Mashahidi wa kawaida ni askari aliyekamata, daktari aliyejaza PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari), na mtaalamu wa Mkemia Mkuu wa Serikali kama damu ilichukuliwa. Mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza.

Kesi hizi hushinda au hushindwa kwenye mambo madogo. Damu ilitolewa saa ngapi, ukilinganisha na saa ya kukamatwa? Nani aliifunga chupa, lebo iliandikwa nini, ilikaa wapi kabla ya kufika maabara, nani aliipokea? Mkono mmoja usiojulikana kwenye mnyororo huo unaweza kuleta shaka kwamba damu ile ni ya mtu mwingine. PF3 inayosema "ananuka pombe" bila kueleza jinsi alivyotembea wala alivyozungumza inathibitisha kunywa, haithibitishi kushindwa kulimudu gari.

Ila pia tuseme wazi nini hakifai. "Nilikuwa nimelala ndani ya gari" haimwokoi mtu moja kwa moja, kwa sababu sheria inamgusa pia aliye na mamlaka juu ya gari barabarani, si anayeendesha peke yake. "Nilikunywa dawa ya kikohozi" inahitaji ushahidi wa dawa na kiasi. Na kukataa kupulizia hakufuti dalili ambazo askari amekwisha kuziona.

Gharama yake ni siku. Kila kesi inapotajwa dereva hayupo barabarani, mwenye gari anatafuta mtu mwingine, na kutofika hata mara moja kunaweza kufuta dhamana. Akishindwa mwishoni, punguzo la kukiri halipo.

Njia ya nne, ya kumpa trafiki "ya chai", tunaitaja kwa sababu ndiyo inayojaribiwa kwanza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa mtoaji na mpokeaji sawasawa: faini ya shilingi 500,000 hadi 1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote. Mtu anaacha kesi ya barabarani anachukua ya TAKUKURU.

## Adhabu zenyewe, na zipi zinaombeka

Kwenye hati ya mashtaka, tafuta kifungu cha adhabu na maneno mawili. "Au" kati ya faini na kifungo inampa hakimu nafasi ya kukutoza faini tu. "Isiyopungua" inamfunga mikono. Wakili anayeomba huruma bila kusoma maneno hayo anapoteza muda wa watu.

Faini hulipwa kwa kontroli namba, na risiti yake itunzwe. Faini karibu kila mara huambatana na kifungo mbadala, kwa hiyo ndugu waje na uwezo wa kulipa siku ile ile, vinginevyo karandinga linaondoka jioni na mtu ambaye hakuhukumiwa kifungo hasa.

Huduma kwa jamii ndiyo inayosahaulika. Sheria yake ya mwaka 2002 inahusu makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka 3. Aliyehukumiwa haendi gerezani, anafanya kazi isiyo na malipo, kwenye zahanati, shule au ofisi ya umma, chini ya afisa wa huduma za uangalizi. Kwa mtu wa mara ya pili haitolewi kwa kuomba tu. Hakimu hutegemea ripoti ya afisa huyo kuhusu makazi, familia na kazi, kwa hiyo mwambie wakili aiombe kabla ya siku ya adhabu, na afisa akifika mtaani amkute mjumbe anayekufahamu. Ushahidi kwamba umeanza matibabu ya ulevi una uzito kuliko machozi kizimbani.

Kifungo kinachozidi mwezi mmoja hupungua kwa theluthi kwa kazi na mwenendo mzuri gerezani. Kuachiwa kwa masharti, kwa aliyekwisha kupata nafasi hiyo, usikutegemee.

Leseni ni amri ya peke yake. Mahakama inaweza kuifuta na kukuzuia kupata nyingine kwa muda itakaoutaja. Kwenye maombi ya kupunguziwa, itetee leseni kwa hoja yake, si kwa kuichanganya na watoto na mama mgonjwa. Na ukizuiwa, usiguse hata bodaboda: kuendesha wakati umezuiwa ni kosa jipya.

## Ukikamatwa ng'ambo ya Sirari

Madereva wa mizigo wa Mwanza wanaopanda Kisumu wajue kwamba Kenya ina sheria zake. Kiwango cha kawaida cha damu ni kile kile cha 80, na pumzi ni mikrogramu 35 kwa mililita 100. Kuendesha ukiwa umelewa ni faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote; ukiua mtu, hadi miaka 10. Kupatana na mashtaka kumekuwepo huko tangu 2008, na huduma kwa jamii tangu 1998. Rufaa ni siku 14, bila zile hatua mbili za kwetu zinazoelezwa mwishoni hapa.

## Tarehe za kushika

Ukiwa chini ya ulinzi, muda wa msingi wa kuhojiwa ni saa 4, na unaweza kuongezwa. Ndani ya saa 24 unapaswa kufikishwa mahakamani au kupewa dhamana. Kosa hili lina dhamana. Wadhamini waje na barua ya mtendaji wa mtaa na kitambulisho cha NIDA. Maelezo ya onyo, yaani maelezo yako yanayoandikwa na polisi, usiyasaini kabla ya kuyasoma, na ukiwa bado umelewa sema hivyo na kiandikwe.

Asiye na fedha ya wakili aulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Msaidizi wa kisheria wa mtaani anaweza kukuandikia na kukuelekeza, hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako.

Baada ya hukumu, taarifa ya nia ya kukata rufaa iwasilishwe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo hazihesabiwi, mradi uliziomba kwa barua na nakala ya barua hiyo unayo, ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Aliye Butimba anawasilisha kupitia mkuu wa gereza, na aombe dhamana ya kusubiri rufaa mapema, kwa sababu kifungo kifupi kinaweza kuisha kabla rufaa haijaitwa.